Mhusika Hujengwa Alikolelewa: Somo Kutoka Kasongo na Kabambare

Katika michezo ya kuigiza wahusika, ile inayochezwa mezani kwa dadu, karatasi na maneno, binadamu ndiye kiumbe mgumu kuliko wote kumuunda. Kibeti wa milimani huja na shoka lake na chuki ya majitu. Zimwi huja na njaa yake. Binadamu huja mikono mitupu. Dungeons & Dragons ilipotoka mwaka 1974 kama mchezo wa aina hii, viumbe wengine walipewa vipaji vya kuzaliwa, kama vile kugundua milango ya siri, lakini wakawekewa kikomo cha kupanda ngazi. Binadamu hakupewa kipaji chochote. Aliachiwa tu njia ya kupanda bila kikomo. Mchezaji akabaki na mtu asiye na kwao.

Tangu hapo watunzi wametafuta dawa ya upungufu huo. Kitabu cha dunia ya Forgotten Realms, ya mchezo huohuo, cha mwaka 2001 kilifanya eneo alikotoka mhusika limfungulie ujuzi ambao wa maeneo mengine hawaupati. Toleo la 2018 la mchezo mwingine, RuneQuest, humtaka mchezaji achague nchi ya asili, kisha apitie yaliyomkuta babu au bibi yake na mzazi wake kabla hajafika kwa mhusika mwenyewe. Mwaka 2024, Dungeons & Dragons yenyewe iliziondoa nyongeza za uwezo kwenye asili ya kuzaliwa, ikazifunga kwenye maisha aliyoyapitia mhusika. Kwa ufupi, damu imepunguziwa uzito na malezi yameongezewa.

Jambo hilo si geni kusini mwa Maniema, mashariki mwa Kongo. Anayetaka kuona jinsi mahali panavyomfinyanga mtu, na aitazame nchi ya kati ya Kabambare na mto Lualaba katika nusu ya pili ya karne ya 19. Ndani ya mwendo wa siku kadhaa kwa miguu kulikuwa na malezi matatu yasiyofanana.

La kwanza ni la mji. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Zanzibar, aliifanya Kasongo makao yake makuu kuanzia mwaka 1875 hivi. Mji ulikua kwa pembe za ndovu na kwa watu waliotekwa. Watoto walionyakuliwa kutoka vijiji vya makabila mbalimbali walikulia humo wakizungumza Kiswahili, wakilima mpunga, wakivaa kanzu na kusali msikitini. Baada ya miaka kadhaa walihesabiwa Waungwana, yaani watu wa ustaarabu wa pwani, hata kama wazazi wao hawakuwahi kuiona pwani. Hakuna aliyepimwa damu. Alitazamwa anavyozungumza, anavyovaa, anavyokula na nyumba ya nani anaitumikia. Mhusika wa namna hii anajua bei, adabu za barazani na kushika bunduki, lakini kijiji cha mama yake hawezi kukitaja jina.

La pili ni la njia. Kabambare, nchi ya Wabangubangu, ilikaa kwenye barabara ya misafara iliyotoka Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika na kuelekea Kasongo na Nyangwe. Mpelelezi Mskoti David Livingstone alikwama huko miezi mingi kati ya mwaka 1869 na 1871, akiuguza vidonda vya miguu. Mtoto wa mahali pa namna hii hulelewa na wapita njia. Anajifunza mapema kumsoma mgeni: huyu anataka chakula, yule anataka wapagazi, wale wa nyuma wamekuja kuteka. Ujuzi wake mkubwa ni habari, na kasoro yake ni kutomwamini mtu anayeahidi kurudi.

La tatu ni la mto. Kwenye Lualaba, Wagenya ndio waliokuwa na mitumbwi, na mwenye mtumbwi ndiye aliyeamua nani avuke. Livingstone aliomba mitumbwi Nyangwe mwaka 1871 akaikosa. Mpelelezi Mwingereza Cameron akaja mwaka 1874, naye akaikosa. Mtoto aliyekulia hapo anajua kwamba mtu mwenye bunduki anaweza kusimamishwa na mtu mwenye kasia. Lakini anajua na jingine. Tarehe 15 Julai 1871, watu wa wafanyabiashara wa misafara waliufyatulia risasi umati wa soko la Nyangwe, soko ambalo wanawake wa ng'ambo zote mbili walileta samaki, vyungu na kuku. Mamia walikufa, wengi wao wakizama mtoni. Mhusika aliyekuwa na miaka saba siku ile hawezi kufanana na mwenzake aliyezaliwa miaka kumi baadaye, ingawa wote ni wa ukingo uleule. Kumbe eneo si ardhi peke yake. Ni ardhi pamoja na yaliyotokea juu yake.

Hapa ndipo wachezaji wengi hukosea kwa upande wa pili: wakishaipata nchi, huigeuza kuwa pingu. Watu wa mtoni wote huwa wajanja, wa mjini wote wachoyo. Historia ya Kasongo inalikataa hilo kwa mfano mmoja mzito. Sefu alikuwa mwana wa Tippu Tip. Ngongo Lutete, kama inavyosimuliwa, alitekwa utotoni, akawa mtumwa wa Tippu Tip, akapata uhuru kwa ushujaa wake vitani, kisha akawa mtawala mwenye nguvu kando ya mto Lomami. Wote wawili walijifunza vita, biashara na utawala katika himaya ileile. Lakini mmoja aliingia kama mrithi na mwingine kama mali. Mwaka 1892 Ngongo Lutete alijiunga na jeshi la Dola Huru ya Kongo, dola ya kikoloni ya mfalme wa Ubelgiji, na Sefu akapigana nalo. Kasongo ikaanguka Aprili 1893. Septemba mwaka huo maofisa wa Dola wakampiga risasi Ngongo Lutete kwa tuhuma za usaliti. Sefu naye akauawa vitani kabla ya mwaka kwisha.

Basi swali la kumuuliza mhusika si "Umelelewa wapi?" tu, bali "Uliingia kwa mlango upi?"

Mtu anaweza pia kujitungia kwao. Tippu Tip anaeleza katika kitabu cha maisha yake jinsi alivyomshawishi mtawala wa Utetera, Kasongo Rushie, kwamba yeye ni mjukuu wa dada yake aliyetekwa zamani. Mzee aliamini, akamkabidhi utawala. Kwa lugha ya mezani, yule bwana aliandika upya karatasi yake ya mhusika katikati ya mchezo, na nchi nzima ikaikubali. Hili ni fundisho kwa mwongoza mchezo: asili inayodaiwa ina nguvu sawa na asili ya kweli, mradi wapo wanaoiamini, na wapo watakaotesa au kuteswa kwa sababu yake.

Ukiketi kuunda mhusika wako, mjibie maswali matano. Akiwa na miaka kumi alifanya kazi gani kila asubuhi? Lugha gani alizungumza nyumbani, na ipi alizungumza mbele ya wakubwa? Nani aliogopwa katika eneo lake? Ni tukio gani ambalo kila mtu wa huko analikumbuka? Na katika nyumba iliyomlea, alikuwa mwana, mgeni, mdeni au mateka? Majibu hayo yatakupa ujuzi wake, hofu yake na lafudhi yake bila kugusa dadu.

Vijana wa Kasongo na Kabambare wanaopenda michezo hii hawana haja ya kuazima falme za theluji na ngome za mawe. Wazee wanaozijua habari za misafara, za mto na za migodi ya dhahabu ya Namoya bado wapo. Waulizeni, muandike, kisha mtunge mchezo wenu.