Mnyauko wa migomba: ubishi usivunje kikundi

"Panga yako ndiyo ilileta ugonjwa!" Neno hilo likitoka kwenye mkutano wa wakulima, mara nyingi kikundi kinavunjika. Huku Kivu watu wanabishana juu ya mnyauko tangu ulipoonekana Masisi mwaka wa 2001.

Ubishi wenyewe unaeleweka. Kwanza tulifundishwa kung'oa shina lote pamoja na machipukizi. Ni kazi ya kuvunja mgongo, na nyumba inabaki bila chakula. Baadaye watafiti walionyesha kwamba unaweza kukata mgomba mgonjwa peke yake, chini kabisa, mara tu ukiuona, maana ugonjwa hauingii kila chipukizi. Basi mzee anasema hivi, kijana anasema vile. Wote walifundishwa, lakini si mwaka mmoja.

Mwenye kuongoza mkutano asiulize nani alileta. Panga, wadudu wa maua, mbegu ya kuomba kwa jirani: njia ni nyingi. Tena, mtu akishitakiwa mbele ya wengine ataficha migomba yake migonjwa, na hapo ndipo inaenea. Aulize: ulikata namna gani, lini, kisha uliona nini? Halafu wote waende shambani kuangalia.

Mwenye kutukana aitwe pembeni na mtu anayemheshimu. Baba mzima hataomba msamaha mbele ya watoto wa jirani, tusijidanganye.

Kuna mambo ambayo pande zote mbili zinakubali: kuvunja ua linaloning'inia chini ya mkungu kwa kijiti chenye panda, na kupitisha panga kwenye moto kabla ya kugusa mgomba mwingine. Mkutano uanzie hapo.