Rezo ikikatika mu shimo, kamyo inafanya nini?

Kila shofere wa mine ya wazi anajua ile fasi ambapo redio inakoroma kisha inanyamaza. Unapita nyuma ya ukuta wa shimo, ama kamyo ingine inakuja kusimama mbele yako, na ofisi haikusikii tena. Tulizoea kuona ile ni usumbufu tu. Lakini mashini zisizo na shofere ndani zimeshaingia mu kazi yetu. Ku Kibali, mu Haut-Uélé, kuko mashini za kubeba mawe chini ya udongo ambazo mtu anazichunga kutoka juu. Kule Australia, mu Pilbara, kampuni Rio Tinto ilianza kujaribu kamyo za namna hiyo mu 2008, na wenye kuzichunga wanakaa Perth, mbali karibu kilometre 1 500. Kwa mashini kama hizo rezo haiko tena kitu cha kuongelea. Ni kamba yenye kuzishika.

Kwanza tuone kamba hiyo inakatika namna gani. Mawimbi ya redio yako na urefu. Redio ya mkono ya megaherzi 150, wimbi lake ni metre 2. Wifi ya gigaherzi 2,4, karibu sentimetre 12. 5G ya frekanse ya juu, gigaherzi 28, sentimetre 1 tu. Na ukifika gigaherzi 60, ni milimetre 5. Wimbi refu linazunguka kizuizi, sawa vile maji ya mto yanazunguka jiwe. Wimbi fupi linafanya kama mwanga wa toshi: ukisimama mbele yake, nyuma yako kunakuwa kivuli. Mwili wa mtu peke yake unaweza kupunguza nguvu yake mara 100, hata mara 1 000. Nyumbani wenye wifi wanaweza kujaribu: ile ya 5 inachoka nyuma ya ukuta wa matafari mbele ya ile ya 2,4.

Juu ya nini basi wanayapenda mawimbi mafupi? Sababu yanabeba vitu vingi kwa mara moja, na mwenye kuendesha mashini kutoka mbali anahitaji kuona picha za kamera nyingi bila kuchelewa.

Kivuli hicho kinahesabika. 3GPP, muungano wa kimataifa wenye kutunga kanuni za rezo za simu, imeandika mu hati TR 38.901 njia mbili za kukihesabu. Ya kwanza inakwenda kwa bahati: wanakadiria vivuli vitaanguka namna gani, bila kutafuta nani amevileta. Ya pili inaweka vizuizi vyenyewe mu ramani, kila kimoja kama ubao uliosimama. Mtu ni ubao wa upana wa sentimetre 30 na urefu wa metre 1,7. Motokari ni ubao wa metre 4,8 kwa metre 1,4.

Nilipoona vipimo hivyo nilicheka kidogo. Kamyo yetu ya tani 90 inapita metre 5 kwenda juu! Mwenye kupiga hesabu ya mine anapaswa kuweka mbao zetu sisi: kamyo, mashini ya kuchimba, vilima vya mawe ya kutupwa, na ukuta wa shimo. Na ukuta ndio wenye kusumbua zaidi, sababu hautulii. Tunalipua, tunachimba, tunashuka. Barabara ya mwezi wa kwanza haiko ile ya mwezi wa sita. Antena iliyokuwa inaona barabara yote, leo inaona nusu, lakini ramani ya vivuli iliyo mu ofisi inabaki ya zamani.

Kisha kuna mambo ya asilimia. Tuseme muuzaji anakuja na karatasi: rezo inashika 95 kwa 100. Inasikika vizuri. Lakini posti ya saa 12 iko na dakika 720, na 5 kwa 100 ni dakika 36 bila rezo. Anasema, basi tuweke antena ya pili. Kama kila moja inafichwa 5 kwa 100, na vivuli vyao havifuatani, kufichwa zote mbili kwa wakati moja kunabaki robo ya 1 kwa 100, ni kusema chini ya dakika 2. Hesabu ni ya kweli. Ila neno "havifuatani" ndilo linabeba mzigo wote. Ukisimamisha antena mbili upande mmoja wa shimo, ukuta ule ule unazificha zote, na umelipa mara mbili kwa dakika zile zile 36. Chini ya udongo ni afadhali kidogo: kuko kabulo yenye matundu mu ganda lake, inavujisha mawimbi pembeni yote ya njia.

Kamyo ya kilometre 40 kwa saa inakula metre 11 kwa segonde moja. Kwa hiyo mashini isiyosikia rezo inapaswa kusimama yenyewe. Tatizo linaanza hapo. Kila kusimama ni tani zinazopotea, na bwana wa production anaweza kulomba wakati wa kungojea urefushwe: badala ya segonde 1, iwe 3. Segonde 3 ni metre 33. Mwenye kuwa ndani ya metre hizo ni mekanisien anayetengeneza pompi, ama mtu wa topografi na mguu wake wa kamera.

Kwa hiyo, wandugu delege, pale mulipo mu Comité ya hygiène na sécurité ambayo Code du travail ya 2002 inatupatia, musilombe tu kofia na buti. Mulombe ramani ya vivuli na muangalie tarehe yake. Muulize mashini inangoja segonde ngapi mbele ya kusimama, na ni nani anaweza kubadilisha namba hiyo bila kuwaambia. Rapport ya mwezi inaonyesha tani zilizotoka. Iongezwe mstari mmoja: mara ngapi rezo ilikatika, wapi, na kwa segonde ngapi.