Kayaki ya Bahari Iliyochafuka

Kayaki ya baharini, yaani chombo chembamba chenye sitaha ambacho mpigaji kafi huketi ndani yake akiwa amejifunga kiunoni kitambaa cha kuzuia maji yasiingie, mara nyingi huchaguliwa kwa kipimo kisichofaa, kwa kuwa mnunuzi huijaribu penye maji shwari na kuisifu isipoyumba. Utulivu huo hutokana na kitako kipana na bapa, nacho bahari inapochafuka hugeuka hatari, kwani hufuata mteremko wa wimbi na kulala pamoja nalo, ilhali kitako cha mviringo huliacha wimbi lipite chini, mtu akibaki wima kwa kunyumbua kiuno. Ngalawa hutulizwa na matengo yake; kayaki hutulizwa na mwili wa aliyemo. Kwa mfano, kayaki iitwayo Nordkapp, iliyobuniwa na Mwingereza Frank Goodman kwa msafara wa mwaka 1975 kwenye pwani ya Norwei na kutumika mwaka 1977 kuizunguka Cape Horn, ina urefu unaokaribia mita 5.5 na upana wa sentimita 50 na ushei tu, na wanaoanza huiona inayumbayumba mno.

Hata hivyo, upepo ndio unaostahili kufikiriwa zaidi. Kayaki inapokwenda, omo hushikwa na maji inayoyapasua, lakini tezi imo katika maji yaliyokwisha kuvurugwa, hivyo upepo wa ubavuni huisukuma tezi demani, yaani upande upepo unakoelekea, na omo ikageuka kuukabili upepo hata kama safari ni ya kwingine, jambo linalomchosha mpigaji kafi upande mmoja wa mwili kwa saa nzima. Tiba yake ni bapa dogo linaloteremshwa kwa kamba chini ya tezi: likishushwa kiasi chombo hunyooka, likishushwa lote omo huelekea demani. Usukani nao hufaa, ingawa hupoteza nguvu kila wimbi linapoinyanyua tezi juu ya maji.

Mtu mwepesi katika kayaki kubwa isiyo na mzigo huelea juu mno na kuupa upepo ubavu mrefu wa kusukuma. Kwa hiyo inafaa chombo kijaribiwe siku ya upepo, karibu na ufuo, kikiwa na mzigo wa safari, kwanza bapa likiwa juu, kisha likishushwa kidogo kidogo.