Tulitembea Juu ya Miti: Siku Moja Katika Msitu wa Ngare Ndare

Ndugu mkulima, miti umeijua tangu utoto wako. Umeikata, umeipanda, umekaa kivulini mwake, na pengine umewahi kukimbizwa na askari wa msitu kwa ajili yake. Lakini nadhani hujapata kuitazama kutoka juu, kama aitazamavyo tumbili. Mahali pa kufanya hivyo papo hapa Kenya, upande wa kaskazini wa Mlima Kenya, katika msitu wa Ngare Ndare. Shule zilipofungwa mwezi wa Agosti nilikwenda huko pamoja na mke wangu, watoto wetu watatu, na mzee jirani yetu katika skimu, ambaye alikuja shingo upande. Yafaa nikueleze tuliyoyaona, maana yanahusu shamba lako zaidi ya unavyodhani.

Ukitoka Nanyuki kwenda Meru, wapita Timau na mashamba makubwa ya ngano na shayiri, kisha waiacha barabara ya lami upande wa kushoto. Msitu wenyewe si mkubwa kama ule wa mlimani: una hekta zipatazo 5,500 tu. Mbele yake nchi inateremka kuelekea Isiolo, na hapo ukame huanza. Jina Ngare Ndare limetoka katika lugha ya Wamaasai, na maana yake ni maji ya mbuzi. Jina hilo lilitolewa na watu waliojua kwamba mifugo ikifika hapa itakunywa.

Mitarakwa na mizeituni mwitu ndiyo mingi humo, na baadhi yake yasemekana kuwa na umri wa miaka 200 au zaidi. Wewe mkulima wajua mtarakwa ni nini. Ni nguzo ya ua isiyoliwa na mchwa. Ndiyo sababu mtarakwa uliosimama karibu na watu ni bahati, na katika skimu nyingi umebaki katika nguzo tu.

Sasa daraja. Usifikirie daraja la saruji kama lile la barabarani. Ni njia nyembamba iliyotundikwa kwa kamba za chuma, yenye wavu kila upande, nayo yaenda kati ya matawi kwa urefu wa mita 450, yaani karibu nusu kilomita, umbali wa mita 10 hivi kutoka ardhini. Hiyo ni kama kusimama juu ya nyumba ya orofa tatu, ila nyumba haitikisiki. Daraja hutikisika. Ukitembea wewe, aliye nyuma yako huipata hatua yako miguuni mwake.

Mke wangu alitangulia na mtoto mdogo. Mimi nilifuata na wa kati, msichana wa miaka tisa, ambaye nyumbani hupanda mparachichi bila ruhusa. Tulipofika kama hatua thelathini akasimama, akashika kamba kwa mikono miwili, akakataa kwenda mbele wala kurudi. Nikamwambia asitazame chini. Hilo lilikuwa kosa, maana neno hilo humfanya mtu atazame chini upesi zaidi. Askari wa msitu aliyetuongoza, mtu mpole, akamwomba amhesabie aina za majani atakazoziona upande wa kulia mpaka kwenye mti mkubwa wa mbele. Akahesabu kumi na moja, na alipomaliza tulikuwa tumefika. Mimi nilisomea ualimu kabla ya kuwa karani wa kilimo, na naungama kwamba nilifundishwa somo langu mwenyewe.

Mzee jirani yetu alikuwa wa mwisho. Hakuogopa urefu. Chuki yake ilikuwa juu ya msitu wenyewe. Mwaka juzi tembo waliingia shambani mwake usiku, wakamaliza viazi karibu nusu eka, na walivyoviacha wakavikanyaga. Alijaza fomu ya fidia akaipeleka panapohusika, na hajajibiwa. Mimi ni karani, najua jinsi karatasi zinavyoweza kulala. Basi njia nzima alikuwa akiniuliza: "Mwalimu, msitu huu ni wa tembo. Sisi tunapata nini?" Ni swali halali, na sikutaka kumjibu kwa maneno matupu.

Simama katikati ya daraja siku isiyo na upepo, utazame chini polepole. Juu kabisa yapo matawi ya mitarakwa, yenye ndevu za kijivu zinazoning'inia na kushika ukungu wa asubuhi. Chini yake ipo miti ya kimo cha kati, kisha vichaka, kisha nyasi na miche, na mwisho tabaka la majani makavu. Mvua kubwa ikinyesha, tone halianguki ardhini kwa nguvu zake zote. Lapigwa na jani la kwanza, ladondokea la pili, lateleza kwenye gome, na likifika chini limekwisha kuwa mpole. Majani makavu hulipokea kama sifongo, na udongo uliotobolewa na mizizi na wadudu hulinywa. Maji hayo hayapotei. Yaenda chini kwa chini, na miezi ya kiangazi hutoka tena katika chemchemi na mito.

Linganisha na shamba lililolimwa kuteremka mlima. Tone hilo hilo lapiga udongo mtupu, laufunga vitundu vyake, na maji yasipopata pa kuingia hukimbia yakibeba mbolea yako. Mto hufurika siku mbili na kukauka mwezi wa pili. Bwana Shamba amelisema jambo hili mara nyingi katika mikutano, nami nimeandika barua zake kuhusu hilo nisizoweza kuzihesabu, lakini nakiri kwamba sikuwa nimeliona kwa macho mpaka siku ile nilipokuwa juu ya miti.

Mwisho wa daraja kuna ulingo wa mbao, na mbele yake pahali ambapo wanyama huja kunywa. Tulikaa hapo. Watoto walinyamaza wenyewe, jambo ambalo mama yao hulipata kwa shida. Baada ya muda tembo wakatoka vichakani, majike wawili na ndama, wakanywa, wakajimwagia matope. Ndama alijaribu kunywa kwa mkonga akashindwa, akapiga magoti akatumia mdomo. Watoto walizuia kicheko kwa viganja. Mzee akawatazama sana, kisha akasema kwa sauti ndogo: "Yule mkubwa ndiye aliyekula viazi vyangu." Askari akamwuliza atamjuaje. Akajibu: "Namjua kwa tumbo."

Jambo la tembo lahitaji maneno machache ya kweli. Tangu zamani wanyama hawa walikwenda na kurudi kati ya Mlima Kenya na nchi kavu ya kaskazini. Mashamba na barabara viliikata njia yao, nao wakapita katikati ya mazao. Kwa hiyo ilitengenezwa njia ya tembo, yenye urefu wa kilomita 14 hivi, iliyozungushiwa ua wa umeme, ikipita katika mashamba ya Marania na Kisima. Inapokutana na barabara kuu ya Nanyuki na Meru limejengwa pango ili tembo wapite chini, na magari juu. Tembo walianza kulitumia mwanzoni mwa 2011. Mwaka 2013 Ngare Ndare, pamoja na hifadhi ya Lewa, iliunganishwa na Mlima Kenya katika orodha ya urithi wa dunia.

Je, tembo hawatoki tena? Hutoka. Dume mwerevu hujua kwamba pembe zake hazipitishi umeme vizuri, basi huzitumia kukata waya au kung'oa nguzo. Ua haumalizi neno. Lakini tembo aliye na maji, kivuli na njia yake ana sababu chache za kuja kwako kuliko yule ambaye msitu wake umekwisha. Mzee alisikiliza hayo, akasema fidia ingekuwa sababu nzuri zaidi. Sikubishana naye.

Kutembea na kulala juu ya miti si jambo jipya katika nchi yetu. Wazee wa Nyeri wanakumbuka hoteli ya Treetops, iliyojengwa juu ya mti wa mugumo katika msitu wa Aberdare mwaka 1932, ambapo Binti Mfalme Elizabeth alilala mwezi wa Februari 1952, usiku ule ule babaye alipofariki. Hoteli ile ya kwanza iliteketezwa mwaka 1954. Wageni waliketi juu wakawatazama tembo, lakini mkulima wa jirani hakualikwa. Rwanda nako wana daraja juu ya miti, katika msitu wa Nyungwe, lenye urefu wa mita 160, lililofunguliwa 2010. Lile la Ngare Ndare hulipiwa kiingilio langoni, na mwananchi yeyote aweza kupanda na watoto wake.

Tena msitu huu hautunzwi na serikali peke yake. Sheria ya misitu ya mwaka 2005, na ile iliyofuata ya 2016, ziliwapa wananchi wanaokaa karibu na misitu nafasi ya kuunda vyama vyao na kushirikiana na Huduma ya Misitu. Kwa mapatano, wanachama waweza kuokota kuni zilizokauka, kulisha mifugo kwa zamu, kuweka mizinga ya nyuki na kuotesha miche. Ikiwa skimu yako imepakana na msitu wowote wa serikali na hujaingia katika chama, umeachia wengine wakuamulie.

Ukipenda kwenda na jamaa yako, vaa viatu vilivyofunga, si malapa. Usiingie msituni bila askari, maana nyati hana habari kwamba wewe ni mgeni. Darajani nendeni mmoja mmoja kwa nafasi, mtoto mdogo ashikwe mkono, na asiwepo wa kuruka-ruka. Chukueni chakula chenu na mrudi na takataka zenu. Yapo pia maporomoko na mabwawa yenye maji ya rangi ya samawati, ambayo watoto watataka kuogelea. Maji ni ya baridi sana na mahali pengine yana kina, kwa hiyo asiingie asiyejua kuogelea. Mwanangu mkubwa aliingia kwa majivuno akatoka haraka kuliko alivyoingia, meno yakigongana.

Hapo kando ya bwawa, tulipokuwa tukinywa chai ya chupa, ndipo mzee alipozungumza. Alikuwa ameutazama mto muda mrefu. Ukingo wake ulikuwa umejaa miti na matete, na maji yalikuwa meupe, ingawa kwetu mvua ilikuwa imekawia. Ukingoni mwa kijito kinachopita shambani mwake alipanda mikaratusi, ile ambayo wengi wetu twaiita bluu-gamu, kwa kuwa hukua upesi na nguzo zake huuzwa. Kijito hicho sasa hukauka mapema, na walio chini yake humlaumu. Akaniuliza sheria yasemaje. Nikamwambia kanuni za mwaka 2006 zilikataza kulima ukingoni mwa mto kwa upana wa mita zisizopungua 6, na kwa mito mipana hadi mita 30, kila upande. Tena mkaratusi ni mti mnywaji, mahali pake ni mbali na maji. Akasema: "Hilo la sheria nilikuwa nalijua, Mwalimu. Nilitaka kuona kama wewe utaniambia."

Kabla hatujaondoka alimwuliza askari ni wapi aweza kupata miche ya mzeituni mwitu na mtarakwa, na huchukua miaka mingapi. Alipoambia kwamba mtarakwa hukua polepole mno akacheka, akasema yeye hatauona mti huo, lakini wajukuu wake wapo. Mwezi wa Septemba alikata mikaratusi mitatu iliyokuwa karibu kabisa na maji. Mingine thelathini na saba ingali imesimama, maana mwanawe wa kwanza amekwisha kupatana na mnunuzi wa nguzo, na wawili hao hawajaelewana bado.