Kwa Nini Msanifu wa Shule Haulizwi Bei Kwanza

Mlipa kodi wa Texas anayefuatilia vikao vya bodi ya shule hukutana na jambo linaloweza kumchefua: wilaya inapotafuta msanifu majengo wa kuchora shule mpya, sheria inaikataza kushindanisha bei. Lazima kwanza imteue anayewazidi wenzake kwa ujuzi na sifa, ndipo ada ijadiliwe. Wasipoafikiana, mazungumzo hufungwa rasmi na kuitwa anayefuata. Serikali kuu ya Marekani hufanya vivyo hivyo tangu Sheria ya Brooks ya mwaka 1972.

Naona sheria hiyo ina haki. Wakandarasi hushindanishwa kwa bei kwa kuwa wote wamepewa michoro ileile. Msanifu huitwa kabla michoro haijakuwapo, pengine hata idadi ya madarasa haijaamuliwa. Anayetaja ada ndogo wakati huo anaahidi saa chache za kazi, nazo hupunguzwa pasipoonekana: kuhakiki michoro, kukagua ujenzi. Kilichookolewa hurudi baadaye kama madai ya nyongeza ya mkandarasi. California inaonyesha zaidi. Tetemeko la Long Beach la Machi 10, 1933 lilibomoa shule nyingi jioni, watoto wakiwa wameshatoka. Mwezi mmoja tu baadaye ikapitishwa Sheria ya Field, na tangu hapo michoro ya shule za umma hukaguliwa na jimbo. Uzoefu wa kupitisha michoro kwenye ukaguzi huo hausomeki katika bei.

Wapo wanaosema kwamba “sifa” ni neno la kufichia upendeleo. Hofu hiyo si ya bure, maana kampuni za usanifu huchangia kampeni za kura za hati fungani zitakazolipia majengo hayohayo. Lakini zabuni ya bei nayo huchezewa, kwa masharti yaliyoshonwa kumfaa mtu. Dawa ni kutangaza alama za kila kigezo kabla ya maombi, kuwauliza wateja wa zamani kama bajeti ilizingatiwa, na kutaka majina ya watakaochora hasa, si wakubwa wanaokuja kwenye usaili tu.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: aliyeteuliwa atapandisha ada. Wilaya kubwa yenye wahandisi wake inajua viwango na haiogopi kumwacha. Wilaya ndogo ya vijijini, inayojenga shule moja kwa miaka mingi, haina nguvu hiyo, nayo ingefaa imlipe mshauri asiye na maslahi katika mradi kabla haijaketi mezani.