Fahamu: Kabla hujagusa sajili ya Windows

Tangu Microsoft isitishe huduma za kawaida kwa Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, mafundi wanarushiana maelekezo ya kulazimisha kompyuta za zamani zipokee Windows 11. Mengi yanakupeleka regedit, programu ya kufungulia sajili inayotunza sehemu kubwa ya mipangilio ya Windows. Kwa mwenye steshenari Masoko, wilayani Rungwe, anayetegemea kompyuta moja kuchapa barua na CV za watu, hapo si pa kubahatisha.

Regedit haina kitufe cha kuhifadhi wala cha kutengua. Ukibadilisha 0 kuwa 1 na kubonyeza OK, imeshaandikwa. Kwa hiyo chagua kwanza folda unayotaka kuigusa, nenda File, kisha Export, uiweke kwenye flashi. Ukiharibu, bofya mara mbili faili hilo la .reg na thamani za awali zitarudi. Ila ulichoongeza kitabaki, kifute mwenyewe.

Faili la .reg ulilotumiwa WhatsApp lifungue kwa Notepad, ulisome kabla ya kuliingiza. Tengeneza pia sehemu ya kurejeshea mfumo, maana Windows ikigoma kufunguka hutaweza kulibofya faili lolote.