Ijumaa tarehe mosi: mwaka mpya wa nchi ya kubuni

Ukimdai mhobiti fedha zako naye akakuahidi kulipa "Ijumaa tarehe mosi", jua umeliwa. Katika kalenda ya Shire, nchi ya wahobiti, watu wafupi wenye vitambi na miguu yenye manyoya, aliyoibuni J.R.R. Tolkien, hakuna mwezi unaoanza Ijumaa. Mwaka wao hufunguliwa Jumamosi na kufungwa Ijumaa, mwaka nenda mwaka rudi. Siku uliyozaliwa wewe ikiwa Alhamisi, kitukuu wako aliyezaliwa tarehe hiyohiyo naye ni wa Alhamisi. Basi Ijumaa tarehe mosi ikabaki mzaha, siku ya mambo yasiyotokea.

Mzaha huo umo katika viambatisho vya The Return of the King, kitabu kilichotoka mwaka 1955. Ni kurasa ambazo wengi huzifunga hadithi ikishaisha. Mwenye subira ya kuzisoma anakuta mwaka mpya wa dunia ya kubuni uliopigiwa hesabu hadi siku ya mwisho.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Miezi 12 ya siku 30 inaleta siku 360. Zinabaki tano, na hizo hazina mwezi. Mbili zinaitwa Yule: ya kwanza inauzika mwaka wa zamani, ya pili inaupokea mpya. Tatu zilizobaki hukaa katikati ya mwaka, wakati wa kiangazi, na sikukuu yake ni Lithe. Ile ya katikati kabisa haina hata jina la siku ya juma, si Jumanne wala si Jumatano, ndiyo maana juma lao halisogei. Kila mwaka wa nne, isipokuwa ule wa kufunga karne, huongezwa siku moja, Overlithe, ambayo ni ya kula na kunywa kuliko nyingine zote. Yule nayo haiishii siku mbili. Sherehe zake huchukua sita, tatu za kuaga na tatu za kukaribisha.

Msomaji wa pwani hesabu hii haimpi shida. Wazee wetu waliuhesabu mwaka wa jua, kuanzia Nairuzi, kwa miongo 36 ya siku kumi kumi, zikabaki siku tano. Kwa miongo hiyo baharia alijua pepo zake na mkulima alijua lini ashike jembe. Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwaka huo bado unaoshwa kila Julai katika Mwaka Kogwa. Wanaume wa pande mbili wanachapana kwa migomba, kibanda cha makuti kinatiwa moto na aliyemo anachomoka mbio, huku wanawake wakiimba. Mwaka wa Nairuzi haukuwa na Overlithe yake, kwa hiyo kila miaka minne ulirudi nyuma siku moja.

Tolkien hakuchota kwetu. Alikuwa profesa wa Kiingereza cha kale huko Oxford, na majina Yule na Lithe yana mizizi katika kalenda ya Waingereza wa kale iliyoandikwa na mtawa Bede katika karne ya 8. Ila watu wanaolitazama jua na shamba lao huishia kwenye tatizo moja: siku 360 zinagawanyika vizuri, na tano zinabaki mkononi. Wengi wamezifanya za sherehe.

Sikukuu ya kubuni huaminika inapokuwa na watu wake. Baada ya vita kuu ya hadithi, Shire inapata mwaka 1420, kwa hesabu yao wenyewe. Mavuno yanajaa maghala, watoto wengi wanazaliwa na nywele za dhahabu, na shayiri inatoa bia ambayo haijapata kuonjwa. Kizazi kizima baadaye, mzee kilabuni akishusha kikombe na kufuta povu midomoni, bia ikiwa imemkonga roho, huisifu kwa kuilinganisha na ya 1420. Kwake huo si mwaka tena, ni ladha.

Gondor, ufalme mkubwa wa kusini, mambo ni ya kiserikali. Mfalme mpya akishatawazwa, mwaka unahamishiwa tarehe 25 Machi, siku Sauron, adui mkuu wa vita hiyo, alipoanguka. Sababu ni moja, na kila raia anaijua. Shire hawaitilii maanani tarehe hiyo. Wao, hasa upande wa magharibi, wakaanza kusherehekea tarehe 6 Aprili. Ukiwauliza kwa nini, hawakubaliani. Wengine wanasema ni siku ya kuzaliwa mzee Sam, mmoja wa mashujaa wao wa vita. Wengine wanasema ndiyo siku mti wao wa dhahabu ulipochanua mara ya kwanza. Wengine wanasema ni mwaka mpya wa Elves, watu wa kale wa dunia hiyo. Tolkien hakuamua nani mkweli, akawaachia ubishi wao.

Hapo ndipo alipoijua sikukuu. Ya amri ina sababu moja. Ya watu ina sababu nyingi, na kila mzee ana yake. Nenda Makunduchi uulize kwa nini wanachapana. Utaambiwa ni kumaliza magomvi ya mwaka uliopita, na kando yake utaambiwa ni mila iliyokuja na Washirazi.

Tarehe 25 Machi yenyewe sasa imevuka kutoka kitabuni. Tangu 2003, wapenzi wa Tolkien katika nchi mbalimbali huitumia siku hiyo kumsoma. Mmoja atakwambia ni kwa ajili ya Sauron kuanguka. Mwingine atakukumbusha kwamba Uingereza ilianza mwaka wake tarehe hiyohiyo hadi 1752. Tayari sababu ni mbili. Ikipata ya tatu, itakuwa sikukuu kamili.